Laini ya Taa

Siku ya kumzika fundi Zefania, watu wa Kibiti walikuwa na hasira kuliko machozi. Si kwamba hawakumpenda. Walimpenda mno, ndiyo maana walitaka mtu wa kumlaumu, na mtu huyo walishampata kabla jeneza halijashushwa. Fundi alikufa kwa umeme kule Salale, kwenye mikoko, alipokuwa akifunga nyaya katika nyumba ya barafu ya tajiri wa kamba wa baharini. Aliyemuua, kwa kauli ya kila mdomo, ni mwenzake wa kazi, Khamisi, mzaliwa wa hukohuko Salale. Fundi alimuuliza kuhusu waya, Khamisi akajibu kwamba umeme umezima, fundi akashika, kumbe moto umo. Habari ilikuwa fupi hivyo, na habari fupi husafiri upesi.

Khamisi alikuwa mahabusu kituoni, akingoja kupelekwa mahakamani.

Elinipendo, mjane, hakuwa na haraka ya kulia. Alikaa mkekani pamoja na walimu wenzake na akina mama wa kanisani, akapokea pole za watu, na kifuani mwake alikuwa na kazi moja tu, kumchukia Khamisi. Aliifanya kazi hiyo kwa bidii. Mtu aliyekula ugali wake, aliyemwita shemeji, aliyelala sebuleni kwake kila masika barabara ilipoharibika, leo kamfanya mjane kwa neno moja la uzembe. Chuki ilimpa nguvu ya kukaa wima. Bila hiyo angeanguka, na alilijua hilo.

Zefania alikuwa Mpare wa Same. Alifanya kazi ya umeme katika kiwanda cha nguo Dar es Salaam mpaka mageuzi yalipoingia, kiwanda kikauzwa, naye akapigwa redandasi, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Mkewe alikuwa ameshahamishiwa shule ya msingi Kibiti, kufundisha Kiswahili, na Zefania akaona bora amfuate. Watu walicheka: mume kafuata mke, na mji wenyewe hauna umeme. Zefania alicheka kabla yao, akasema kweli, yeye ni kinyozi aliyehamia mji wa wenye vipara. Lakini zama za ruksa zilikuwa zimeshaingia. Kila mwenye vijisenti alikuwa akinunua jenereta, huyu kwa kibanda cha video, huyu kwa soda baridi, huyu kwa kipaza sauti cha msikiti, na kuanzia Bungu mpaka Mchukwi wakaanza kumtafuta Mpare wa nyaya. Zefania alimpata Khamisi katika kazi mojawapo ya hizo, mtu mzima mwenye watoto, mvuvi aliyechoka na maji. Wakashikana kama ulimi na mate.

Mkewe alipenda kumtania kwamba ana dini mbili, ya kanisani na ya swichi. Hiyo ya swichi aliihubiri hata anaponyoa ndevu. Kuzima si kukata, alikuwa akisema. Swichi ya ukutani ni ya kuzimia: taa inalala, lakini waya ulio nyuma yake uko macho. Ukitaka kugusa waya, nenda kwenye swichi ya kukatia, ile kubwa inayoitenga nyumba na mashine, uikate, na usiiache bila mlinzi. Na penye mitambo inayozunguka na maji sakafuni, iwepo swichi ya kuokolea, kitufe chekundu mlangoni ambacho hata mpita njia akikipiga kila kitu kinasimama. Halafu nyumba mpya haiwashwi kabla ya kupimwa, na vipimo vina foleni yake. Kwanza, mashine ikiwa kimya, pima kama kila laini ni nzima toka mwanzo hadi mwisho, na waya wa ardhini usiusahau. Kisha ngozi za nyaya, kama hazivuji. Kisha uangalie kama swichi imekaa kwenye waya wa moto na si kwenye mwenzake. Mashine huwashwa mwisho kabisa. Elinipendo aliyajua hayo kwa moyo kama Baba Yetu, ingawa hakuwahi kushika bisibisi.

Kwa hiyo tajiri wa kamba alipokuja msibani, alijua la kumuuliza.

Tajiri huyo aliitwa Abdulkarimu. Alikuja na gunia la mchele na kanzu safi, na huzuni yake haikuwa ya kuigiza. Alikaa mkekani, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwapo. Marehemu alikuwa ndani kabisa, mwisho wa nyumba, anataka kufunga taa. Khamisi yuko huku mbele, penye fyuzi. Marehemu akaita, 'Khamisi, laini ya taa vipi?' Khamisi akajibu, 'Imezima.' Nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Jenereta ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Kabla hawajapima?"

Abdulkarimu aliutazama mkeka. "Kamba walishafika, mwalimu. Mitumbwi imejaa, jua kali, na kamba hawangoji. Niliomba mtambo wa barafu uwashwe kwanza, taa zifuate. Marehemu alikataa, akakataa, mwisho akanionea huruma."

"Na kitufe chekundu cha mlangoni?"

"Kilikuwa kije safari ijayo. Khamisi ilibidi akimbie mpaka kwenye jenereta kuizima. Ni mwendo, mwalimu."

Hapo palikuwa na maneno ya kumshika nayo mtu, na siku nyingine Elinipendo angeyashika. Lakini mtu wa kumchukia alikwisha kumpata, na moyo uliochoka hautaki wa pili. Akamwambia Abdulkarimu asante kwa mchele.

Kituoni nako mambo yalikuwa mepesi. Aliyemhoji Khamisi alikuwa koplo Theodory, Mhaya mpole mwenye watoto wawili katika darasa la Elinipendo, na alimwambia mjane wazi kwamba kesi haina mzunguko. Mtu mwenyewe anakubali. Ukimuuliza alimjibu nini marehemu, analirudia lilelile neno huku analia. "Sijawahi kumwona mshtakiwa anayekubali upesi hivi," koplo alisema, na Elinipendo akarudi nyumbani akiwa ameshiba, kama kushiba huko ni kushiba.

Matanga yalipoondolewa na binti yao Belinda kurudi shule ya bweni, nyumba ikawa kubwa. Ndipo mchana mmoja ikapigwa hodi ya sauti ndogo, na mlangoni alisimama Mwanajuma, mke wa Khamisi, matope yamekauka kwenye pindo za kanga yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Elinipendo alimwonyesha kiti, kwa sababu adabu haifi pamoja na mtu, ila chai hakumpa.

"Pole na msiba. Nilitaka kuja mapema, maji yalikuwa mabaya." Mwanajuma hakusema habari za mumewe. Alifungua kikapu, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa, akakiweka mezani. Ilikuwa mita ya Zefania, ile ya kupimia nyaya, aliyotoka nayo kiwandani na kuitunza kuliko saa. "Alikuwa nayo begani. Ilianguka naye. Nikasema nikuletee mwenyewe, isipite mikono ya watu."

Elinipendo aliigusa kwa kidole. Hakuweza kuiangalia vizuri.

"Imevunjika?"

"Hata, mwalimu. I nzima."

"Imezima vipi?" alisema Elinipendo kwa ukali. "Hii ni mita, haina taa ya kuzima."

Mwanajuma alimtazama kwa woga. "Sikusema imezima. Nasema i nzima. Haikuvunjika, haina hata ufa. Kwani ninyi mwasemaje?"

"Sisi tunasema ni nzima."

"Basi ndiyo hiyohiyo. Sisi twasema i nzima."

Elinipendo aliivuta mita karibu. Nje kuku walikuwa wakiparura. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayepapasa gizani akiogopa kukanyaga kitu, "Khamisi naye husema hivyo?"

"Si sote? Tumezaliwa twasema hivyo."

"Siku ile alikuwa anafanya nini, pale penye fyuzi?"

"Alikuwa aipima laini ya taa kwa bisibisi yake ya kupimia moto. Alishatia fyuzi, mashine yenda, akaiona laini haikukatika mahali, moto wapita mpaka mwisho. Fundi akamuuliza laini vipi, akamwambia ilivyo." Mwanajuma alianza kutokwa na machozi. "Yeye hata hajui anaambiwa kosa gani, mwalimu. Afande amuuliza, 'Ulimwambia imezima?' Yeye asikia yarudiwa maneno yake, aitikia ndiyo. Adhani akamatwa kwa sababu alitia fyuzi."

Hapo kila kitu kikawa wazi, na Elinipendo alitamani mwanamke yule angebaki kwao. Mmoja kasema laini ni nzima, inafanya kazi. Mwingine, ng'ambo ya ngurumo za jenereta, kasikia imezima, akadhani fyuzi ya taa bado haijatiwa. Hata taa ya kumwonya haikuwapo, maana taa yenyewe ndiyo aliyokuwa anakwenda kuifunga. Kama vipimo vingefuata foleni yao, swali lile lingeulizwa mashine ikiwa kimya, na hata jibu likisikika vibaya lisingemdhuru mtu.

"Nenda, Mwanajuma," alisema. "Nimekusikia. Niache nifikiri."

Alifikiri mpaka jua likapinduka, na hakufikiri mema. Nani alijua? Yeye na mwanamke mmoja wa mikokoni ambaye hakuna mtu angemsikiliza. Akinyamaza, Khamisi atafungwa, na yeye ataendelea kuwa na mtu wa kumchukia, na chuki hiyo itamsukuma asubuhi atoke kitandani. Akisema, atabaki na nini? Kifo kisicho na mwenyewe. Aliona haya kuwaza hivyo, akawaza tena.

Lililomwuma zaidi halikuwa hilo. Watoto wa darasa lake waliotoka huko mtoni na mikokoni walikuwa wakiandika "kalamu i wapi" na "nyumba i tayari", naye akawapigia mstari mwekundu kila mwaka bila kuchoka. Kiswahili gani hicho? Andika vizuri. Na Zefania, siku za kwanza za kufanya kazi na Khamisi, alirudi nyumbani anasema "chai i moto" na "nguo i wapi", amefurahi na neno lake jipya kama mtoto na gari la mabati. Yeye alimcheka. Alimwambia, "Mpare wewe, usituletee Kindengereko cha mikokoni mezani." Mume akaliacha neno, maana alimheshimu mkewe katika mambo ya lugha. Na siku zote hizo mwalimu huyohuyo alikuwa akiwasalimu watu "u hali gani" na "u mzima", asijiulize hiyo "u" ni ndugu ya nani.

Kesho yake akaenda kituoni.

"Afande," alimwambia koplo Theodory, "nataka nilisikie mwenyewe lile neno."

"Si nimekwisha kukuambia, mwalimu?"

"Nataka nilisikie palipo na mashine."

Mjane hakataliwi upesi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mashine ya kusaga, na foleni ya akina mama wenye ndoo za mahindi. Koplo alimtoa Khamisi, wakavuka naye. Alikuwa amekonda, miguu mitupu, na alipomwona Elinipendo alishusha macho chini.

"Shemeji," alisema, "sina la kukuambia."

"Unalo moja. Nenda kasimame kule nyuma, upande wa pili wa mashine. Nitakuuliza kama alivyokuuliza, unijibu kama ulivyomjibu."

Khamisi alimtazama koplo, koplo akamwashiria aende. Mashine ilikuwa ikinguruma mpaka mabati yanatetemeka. Elinipendo alijaza kifua pumzi, akaita, na sauti ikamtoka nzito kuliko alivyotaka: "Khamisi, laini ya taa vipi?"

Khamisi alichelewa. Kisha akajibu kwa nguvu.

"Si umesikia?" alisema koplo. "Imezima."

Na Elinipendo pia alikuwa amesikia hivyo. Alijua neno, alilijua tangu jana, amekuja kulitegea sikio, na bado masikio yake yalimletea lile jingine. Basi hivi ndivyo alivyosikia Zefania. Alisikia sauti ya mtu anayemwamini ikimwambia hakuna hatari, akanyoosha mkono bila hofu. Elinipendo hakujua kama hiyo ni faraja au ni kisu kingine.

Alimwomba mwenye mashine aizime kidogo. Akina mama walinung'unika, kisha wakaona uso wake, wakanyamaza. Katika kimya kile aliuliza tena, kwa sauti ya kawaida, na Khamisi, toka nyuma ya magunia, akajibu, "I nzima."

Koplo Theodory alikuna shingo. Alimwuliza Khamisi maana yake, Khamisi akamweleza, akimshangaa mtu mzima asiyejua neno jepesi kama hilo. Hapo ndipo na yeye alipoelewa ameshitakiwa kwa nini. Alikaa chini, palepale kwenye pumba, akashika kichwa.

"Kwa hiyo mimi nimemwua kwa ulimi," alisema.

"Hukumwua," alisema Elinipendo. "Ulijibu ulichoulizwa."

"Basi hakuna mwenye kosa," alisema koplo, na alionekana kuona nafuu.

"Mashine iliwashwa kabla ya kupimwa nyumba."

"Hiyo ni kanuni ya mafundi, mwalimu. Mimi nitamshtaki vipi mtu kwa kuwasha jenereta yake mwenyewe? Nitamwita, nitamkanya. Zaidi ya hapo nitajisumbua bure."

Elinipendo aliitafuta ile chuki, kwa mazoea, asiipate. Ndipo alipolia. Alilia kilio alichokiweka tangu siku ya kwanza, kikubwa, cha aibu, amejiegemeza kwenye nguzo ya mashine, unga umemganda usoni. Alimlilia Zefania kwa jina. Mama mmoja asiyemfahamu aliacha ndoo yake akaja kumshika mabega, na hakuna aliyedai mashine iwashwe mpaka alipomaliza.

Khamisi aliachiwa siku hiyohiyo. Hakwenda kwao moja kwa moja. Alipita nyumbani kwa Elinipendo, akasimama uani.

"Abdulkarimu kaniletea salamu," alisema. "Ataka nikamalizie ile kazi. Hana fundi mwingine."

"Utakwenda?"

"Sitaki hata kuiona nyumba ile. Lakini watoto wale nini, shemeji?"

Elinipendo aliingia ndani, akatoka na mita. "Tutakwenda wote," alisema.

Walikwenda kwa gari mpaka Nyamisati, kisha kwa boti, wakipita vijito vya mikoko. Salale maji yalikuwa yameshajaa. Akina mama walikuwa wamekaa kivulini na matenga ya kamba, wakiyafunika kwa majani mabichi. Abdulkarimu alikuja mbio kuwapokea, akamsalimu mwalimu kwa unyenyekevu, kisha macho yake yakaenda kwenye matenga.

"Tungewasha mtambo tu, Khamisi aendelee na taa taratibu," alisema. "Si unawaona, mwalimu, wataharibika."

Elinipendo alimpita. Alikwenda mpaka kwenye jenereta, akachomoa hendeli ya kuwashia, chuma kizito chenye mafuta, akakaa nacho juu ya gogo mlangoni, amekipakata kama mtoto. Nguo yake ya msiba ikachafuka yote. Abdulkarimu akarudi kivulini penye matenga.

"Kata swichi kubwa, Khamisi," alisema Elinipendo. "Halafu anza na ya kwanza."

Khamisi alianza. Alipima laini moja baada ya nyingine, na waya wa ardhini. Hakupaza sauti hata mara moja. Kila alipomaliza kipimo alitembea urefu wote wa nyumba ile mpaka mlangoni, akamwinamia shemeji yake, akamwambia usoni alichokikuta, akangoja aitikie kwa kichwa, ndipo akarudi. Kwenye laini ya taa alikawia zaidi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akamwonyesha mita tu. Elinipendo, asiyeelewa mita, aliitazama sindano, akaitikia. Kama kuna aliyeharibikiwa na mali yake siku ile, hakulalamika.

Ngozi zilipimwa. Swichi zilitazamwa. Moja ilikutwa imekaa kwenye waya usio wake, ikageuzwa. Kitufe chekundu kilikuwa kimefika kwa boti ya juzi, kikafungwa mlangoni, kikajaribiwa. Mwisho kabisa Khamisi alisimama mbele ya gogo, akanyoosha mkono.

Elinipendo hakumpa mara moja. Alijua kwamba akiiachia hendeli ile, kazi ya Zefania itakuwa imekwisha, na hatakuwa na kazi nyingine ya kumfanyia. Kisha akampa.

Jenereta ilikohoa, ikakamata. Taa zikawaka nyumba nzima, mpaka mwisho kule ndani, na Elinipendo akaingia kupaona. Alikwenda hadi penye ile taa ya mwisho. Ukuta ulikuwa mweupe kwa chokaa, sakafu ya saruji imeoshwa, hapana alama yoyote. Alipatafuta alipoangukia mumewe asipajue, akageuka kumwuliza Khamisi. Lakini mashine ilikuwa ikinguruma na sauti yake haikufika, na akina mama walikuwa wameshaanza kuingia na matenga kichwani, maji ya kamba yakidondoka sakafuni. Akasogea ukutani, akawapisha wapite.